Kadi ya mume, jino la mke

Ndugu Mhariri,

Saa nne asubuhi mama ameshaketi kwenye kiti cha daktari wa meno. Karatasi ya makadirio mkononi imeandikwa dola 2,400, baada ya bima kutoa chake: kutibu mzizi wa jino la nyuma na kulivisha kofia. Anafungua pochi, anatoa kadi ya CareCredit yenye jina la mumewe. Mume mwenyewe yuko ghalani kazini, simu imefungiwa kwenye kabati la wafanyakazi. Kaunta inamwambia kadi haipiti, naye anauliza swali ambalo kila anayekaa meza ya malipo analijua: "Kwani si mume wangu?"

Naomba nafasi nilijibu swali hilo kwa ajili ya wasomaji wako wa huku Marekani, maana linawakuta Wakongomani wa Lexington na Des Moines sawasawa na Wakenya wa Dallas na Minneapolis. Jibu fupi ni kwamba kadi ya mwenzi inaruhusiwa kulipia matibabu yako. Ila ruhusa hiyo inatoka kwa mtu mwenye jina kwenye akaunti, cheti cha ndoa hakiileti. Akaunti hufuata saini. Ukilishika hilo, mengine yote utayaelewa: nani atoe kadi, deni ni la nani, pesa ikirudishwa inaenda wapi, na nani atajibiwa akipiga simu benki.

Kwa asiyeijua, CareCredit ni kadi ya mkopo ya matibabu inayotolewa na benki ya Synchrony. Ilianza mwaka 1987, na leo inapokelewa katika sehemu zaidi ya 250,000: meno, macho, vifaa vya kusikia, ngozi, hata kwa daktari wa mifugo. Zipo nyingine za jamii hiyo, kama Alphaeon Credit na Wells Fargo Health Advantage. Masharti yao yanatofautiana, kwa hiyo usichukue tarakimu za kadi moja ukazibandika kwenye nyingine. Na isichanganywe na bima. Bima inalipa sehemu ya gharama na haikudai tena sehemu hiyo. Hii ni deni, kamili, kwa jina la aliyeomba.

Kuna njia kadhaa za kumlipia mwenzi kwa kadi hiyo bila kuvunja sharti. Iliyo nyepesi ni mwenye kadi kufika mwenyewe na kitambulisho chenye picha. Mgonjwa anaweza kuwa mke, mume, mtoto au mama mkwe, benki haijali. Kinachoangaliwa ni kwamba anayesaini risiti ndiye aliyeandikwa kwenye kadi. Kama mgonjwa atakuwa ametiwa dawa ya usingizi, maliza mambo ya malipo kabla hajaingia ndani. Sio baada, akiwa anayumba.

Ya pili ni kulipa akiwa mbali, na hii ndiyo ingemwokoa yule mama wa saa nne. Mwenye kadi anaingia kwenye akaunti yake kwa simu au kompyuta, anamtafuta mtoa huduma kwa jina, na kulipa kutoka hukohuko. Kabla ya siku ya miadi aulize kliniki vitu vitatu: namba ya faili ya mgonjwa, kiasi kamili hadi senti, na muda wa ofa, yaani miezi ya kumaliza deni bila riba, ambao kliniki hiyo inaukubali. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau. Si kila ofisi ina miezi 6, 12, 18 na 24 yote, kwa sababu kliniki nayo inakatwa ada na benki, na muda ukiwa mrefu ada inapanda. Ndiyo maana daktari mmoja atakupa miezi 12 na wa jirani yake 6 tu, kwa kadi ileile. Ukishalipa, mpe mgonjwa namba ya uthibitisho aje nayo, na ahakikishe imeandikwa kwenye faili lake, la sivyo ataambiwa hakuna kilichoingia. Malipo yaliyotumwa na mume yakikosa jina la mgonjwa hukaa pembeni yakitafutiwa mwenyewe, hasa pale majina ya ukoo yanapotofautiana.

Hapo kwenye majina pana kisa chetu sisi. Mwanamke wa pwani habadili jina la baba yake akiolewa. Mkongomani ana majina matatu ambayo afisa wa uhamiaji aliyapanga alivyotaka, la ukoo likawa la kwanza. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa Januari mosi, kwa hiyo mke na mume wanaweza kuwa na siku moja ya kuzaliwa kwenye karatasi. Meza ya malipo inapothibitisha akaunti kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za namba ya soshal (Social Security), vitu viwili kati ya hivyo vitatu tayari vina utata. Dawa yake ni ndogo: jina kwenye akaunti ya kadi lilingane herufi kwa herufi na lile la leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo, na faili la kliniki lifuate mpangilio huohuo. Rekebisha siku ya kwanza unapojaza fomu, usingoje siku jino linauma.

Njia ya tatu ni mwenye kadi kumwongeza mwenzi wake kama mtumiaji aliyeidhinishwa. Anaomba benki, mwenzi anaandikishwa kwa jina lake, na tangu hapo anaweza kutoa kadi mwenyewe bila kumsubiri mtu. Faida yake ni urahisi. Uzito wake ni kwamba deni linabaki la mwenye akaunti peke yake: mtumiaji anatumia, mwenye akaunti anadaiwa. Na historia ya akaunti huweza kuonekana kwenye faili za kredi, kumbukumbu za jinsi mtu anavyolipa madeni, za wote wawili, yaani mume akichelewa siku 30 kulipa, doa linaweza kumfikia mke ambaye hata barua hakuiona. Aliyeongezwa anaweza kuomba kuondolewa wakati wowote.

Ya nne ni akaunti ya pamoja, pale benki inapoiruhusu. Hapa wote wawili wanaomba, wote wanakaguliwa, na kila mmoja anadaiwa deni lote, wala si nusu yake. Wengi wanasaini wakidhani wamegawana. Benki inaweza kumfuata yeyote kati yao kwa senti ya mwisho, hata kama matibabu yote yalikuwa ya mwenzake.

Isiyo njia ni ile ya kusaini jina la mume wako. Najua inafanyika, najua nyumbani dukani mtu hutuma kadi na namba ya siri na hakuna anayeuliza. Huku, saini ya uongo kwenye risiti ya mkopo ni kughushi, na kliniki ikigundua itakataa malipo. Upande wa pili wa jambo hilo nao una mtego: mume aliyempa mkewe kadi, kisha wakagombana, hawezi kupiga simu benki kudai kwamba matumizi hayakuwa na ruhusa. Sheria inamlinda mwenye kadi asidaiwe zaidi ya dola 50 pale kadi ilipotumiwa bila idhini. Ukimpa mtu kadi yako, umeidhinisha. Na akifaulu kurudisha malipo kwa maneno ya uongo, kliniki inachukuliwa pesa yake na bili inamrudia mgonjwa, sasa bila ofa yoyote.

Tuje kwenye kinachouma zaidi kuliko kaunta.

Kwenye bango la kliniki utaona "miezi 12 bila riba ukimaliza kulipa ndani ya muda". Soma hiyo sehemu ya pili polepole. Ofa hizo huanzia manunuzi ya dola 200, na riba yake haijafutwa, imewekwa kiporo. Tangu siku ya kwanza benki inaihesabu kila mwezi na kuiweka kando. Ukimaliza deni lote kabla ya tarehe, kiporo kinamwagwa. Ukibakiza chochote, kinapashwa moto chote na kuwekwa mezani kwako, tangu siku ya kwanza.

Chukua zile dola 2,400 kwa miezi 12. Akaunti mpya za CareCredit zimekuwa zikitoza riba ya kawaida ya asilimia 32.99 kwa mwaka, na za zamani 26.99. Ukilipa dola 200 kila mwezi unamaliza bila riba hata senti. Ukilipa dola 150, kwa sababu karatasi ya mwezi ilisema kiwango cha chini ni kidogo kuliko hapo na wewe ukajiona umezidisha, mwisho wa mwaka umebakiza dola 600, na juu yake inaongezwa riba ya zaidi ya dola 500. Sasa angalia hili: ukilipa dola 199 kila mwezi, unabakiza dola 12 tu. Kwa ajili ya dola 12 hizo unaandikiwa riba ya zaidi ya dola 430. Mashine haina huruma ya "nilikosea kidogo".

Malipo ya chini yanayochapishwa kwenye taarifa ya mwezi hayajapangwa ili umalize ndani ya ofa. Yanakuzuia tu usihesabiwe umechelewa. Kwa hiyo kiasi chako kipange mwenyewe, na usigawanye kwa 12, gawanya kwa 11. Dola 2,400 kwa 11 ni kama dola 219 kwa mwezi. Mwezi wa mwisho unabaki wa akiba, kwa malipo yaliyochelewa kupita au siku benki imefungwa. Kwa ofa ya miezi 6 gawanya kwa 5. Tarehe ya mwisho iko upande wa mbele wa mojawapo ya kurasa za taarifa, sheria inalazimisha ichapishwe kila mwezi ofa inapoendelea. Hiyo tarehe na tarehe ya kawaida ya kulipa hazilingani siku zote, na ofa huweza kuisha siku kadhaa kabla ya tarehe ya malipo ya mwezi huo. Wanaolipa siku ya mwisho ya bili kwa mazoea ndio wanaonaswa hapo.

Haya si manung'uniko ya mtu mmoja. Desemba 2013 ofisi ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, iliamuru kampuni iliyokuwa na CareCredit wakati huo, GE Capital Retail Bank, irudishe hadi dola milioni 34.1 kwa wateja, wengi wao wakiwa hawakuelezwa vizuri na wafanyakazi wa kliniki kuhusu riba hiyo. Ripoti ya ofisi hiyohiyo ya Mei 2023 ilionyesha kwamba kati ya 2018 na 2020 watu walilipia matibabu karibu dola bilioni 23 kwa kadi na mikopo ya aina hii, na wakatozwa dola bilioni 1 za riba ya kiporo. California imekwenda mbali zaidi: tangu Julai 2020 mtoa huduma haruhusiwi kumfungulia mgonjwa mkopo wenye riba ya namna hiyo, wala kumpangia mkopo mtu aliyetiwa dawa ya usingizi. New York nayo, tangu Oktoba 2024, imewakataza wahudumu kumjazia mgonjwa hata sehemu ya fomu. Majimbo mengine bado mhudumu anakujazia huku akikupigia hadithi. Simlaumu sana, naye amepewa hesabu ya kliniki kuisimamia, lakini kalamu iwe mkononi mwako.

Mume na mke wanapotumia akaunti moja, kiporo kinakuwa vyungu vingi. Kila ununuzi una tarehe yake. Mume amevisha jino kofia Januari kwa miezi 12, mke amenunua miwani Aprili kwa miezi 6, mbwa amefanyiwa upasuaji Juni kwa miezi 12. Benki inatuma taarifa moja, yenye kiwango kimoja cha chini, na wewe unalipa kiasi kimoja. Kinaenda kwenye chungu kipi? Kiwango cha chini benki inakipanga yenyewe. Kinachozidi hapo, sheria inasema kiende kwanza kwenye deni lenye riba kubwa zaidi, na deni la ofa kwa ajili ya mpango huo linahesabiwa kama lina riba sifuri. Isipokuwa katika mizunguko miwili ya mwisho ya bili kabla ofa haijaisha: hapo cha ziada kinaelekezwa kwenye deni hilo la ofa.

Sasa ona namna linavyoharibika. Mke anapimwa macho kwa dola 90 kwa kadi ya mumewe. Dola 90 haifiki 200, kwa hiyo haina ofa, inakaa kwenye riba kamili. Mume anatuma dola 219 akidhani zinashusha deni la jino. Ziada yake inakwenda kwanza kufuta kipimo cha macho, jino linabaki nyuma, na malipo yale 11 yakiisha hesabu haifungi. Hajui hata kwa nini. Vitu vidogo lipeni taslimu au kwa kadi ya kawaida ya benki. Kadi yenye ofa iwe na jambo moja kubwa kwa wakati mmoja. Ikishindikana, piga simu uombe malipo yako yaelekezwe kwenye ununuzi fulani. Benki inaruhusiwa kukubali ombi hilo, na mwezi unaofuata hakikisha kwenye taarifa kwamba wamefanya.

Kuna mpango mwingine kwenye kadi hizo, wa miezi 24 na kuendelea kwa malipo sawa kila mwezi, wenye riba ndogo kuliko ya kawaida lakini inayotozwa kuanzia mwanzo. Watu wanaukimbia kwa sababu wameona neno riba. Kwa familia isiyoweza kutoa dola 219 kwa mwezi bila kuyumba, mimi naona huo una ukweli zaidi. Riba yake unaiona, haikungoji mlangoni.

Kuhusu siku ya kulipisha. Kofia ya jino inachukua ziara mbili au zaidi, na kliniki nyingi hupenda kupitisha kiasi chote siku ya kwanza. Omba kulipishwa kwa hatua, kazi ilipofikia. Sababu ni bima. Makadirio ya bima ni makadirio, na inapotokea bima imelipa zaidi ya ilivyotarajiwa, kliniki inakuwa na ziada yako. Ziada hiyo hairudi kwa hundi wala taslimu kwa mgonjwa, inarudi kwenye kadi iliyolipa. Kwa wanandoa walioachana katikati ya matibabu hili limezua kesi za kweli za kugombania: mke amelipa kila mwezi kutoka mshahara wake, marejesho yanaingia kwenye akaunti ya mume, na kliniki haina mamlaka ya kuyageuza njia. Ukiona malipo yasiyo sahihi, ya huduma ambayo haikufanyika kwa mfano, mwenye akaunti anaandika barua ifike benki ndani ya siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye kosa hilo ilipotumwa. Barua, kwa anwani ya malalamiko. Simu haitoshi kulinda haki hiyo. Na anayeandika ni mwenye akaunti. Barua ya mgonjwa itawekwa pembeni.

Mara nyingi mke anatumia kadi ya mume kwa sababu anaamini yeye hawezi kupata yake, hana ajira. Hilo lilibadilika mwaka 2013. Mtu wa miaka 21 na zaidi anayeomba kadi ya mkopo anaweza kuandika mapato anayoyafikia kwa haki, pamoja na mshahara wa mwenzi unaoingia kwenye akaunti yao au unaotumika nyumbani kwa kawaida. Na tangu sheria ya mwaka 1974 ya usawa katika mikopo, benki hairuhusiwi kumdai mume asaini ikiwa mke anatimiza vigezo mwenyewe. Akiomba yake, anajenga kredi yake, anapigiwa simu yeye, na marejesho yanamrudia yeye. CareCredit ina hatua ya kuangalia kwanza kama utakubaliwa bila kugusa alama zako za kredi. Fanyeni hiyo kabla ya maombi yenyewe. Pia mke kuwa na kadi yake kunamwepusha mume anayetafuta mkopo wa nyumba: kadi yenye kikomo cha dola 5,000 ikijazwa dola 4,000 za meno inashusha alama zake hata kama analipa kwa wakati.

Lakini jina moja kwenye kadi haliwakingi wote kila mahali. Majimbo 9, yakiwemo Texas, Arizona, California na Washington, ambako wamo Waswahili wengi, yana mfumo wa mali ya ndoa: deni lililochukuliwa ndani ya ndoa linaweza kudaiwa kwenye mali ya wote wawili. Majimbo mengine yana kanuni ya zamani ya mahitaji ya lazima, ambayo huweza kumbebesha mwenzi bili ya hospitali ya mwenzake. Mwenye kadi akifariki, mtumiaji aliyeidhinishwa aache kuitumia siku hiyohiyo, hata kama matibabu yamefika nusu. Deni linadaiwa kwenye mirathi kwanza. Wakusanya madeni watampigia mjane simu na kumwomba "alipe kidogo tu kuonyesha nia njema". Asikubali lolote kabla ya kujua jimbo lake linasemaje na kama jina lake lilikuwa la mtumiaji au la mwenye akaunti wa pamoja. Tofauti hiyo ya maneno mawili ndiyo inaweza kuiokoa nyumba yake.

Kwa bili ya hospitali, tofauti na meno, kadi iwe kitu cha mwisho kutolewa. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na mpango wa msaada wa malipo, na mgonjwa ana siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka kuuomba. Ukishapitisha kadi, hospitali imelipwa, na kinachobaki ni deni la benki. Ofisi za kredi haziweki kwenye ripoti bili za matibabu zilizo chini ya dola 500, na kwa zilizo kubwa husubiri mwaka mzima. Deni la kadi halina subira hiyo, linaripotiwa kama deni la viatu. Uliza pia kama hospitali yenyewe ina mpango wa kulipa kidogo kidogo bila riba, nyingi zinao, ila hazitangazi. Asiye na bima aombe makadirio kwa maandishi kabla ya huduma. Bili ya mtoa huduma ikizidi makadirio yake kwa dola 400 au zaidi, ana siku 120 za kuipinga. Na kama mmoja wenu ana akaunti ya akiba ya matibabu kazini, ile HSA, pesa yake inaweza kumlipia mwenzi bila kodi hata kama mwenzi hayumo kwenye bima hiyo. Nashangaa ni wangapi wanatoa kadi ya riba ya asilimia 32 huku dola 1,000 za HSA zimelala.

Yote haya yaulize kwa Kiswahili ukitaka. Kliniki na hospitali zinazopokea pesa za serikali kuu zinalazimika kukupa mkalimani bure, kwa simu kama hayupo wa ana kwa ana. Usimtumie mtoto wako wa darasa la saba kutafsiri mkataba wa riba.

Mwisho kuhusu simu ya benki. Mke ambaye analipa kila mwezi lakini jina lake halipo kwenye akaunti, akipiga simu kuuliza tarehe ya ofa hataambiwa, hata akijua namba zote za mumewe. Akijifanya yeye ndiye mume, akaunti inaweza kufungwa kwa tuhuma za udanganyifu. Pigeni pamoja: mwenye akaunti ajithibitishe, kisha amwambie mhudumu "namruhusu mke wangu kuzungumza kwa simu hii". Ruhusa hiyo kwa kawaida ni ya simu ile moja tu. Muulize mambo matatu, mke aandike: tarehe ya mwisho ya kila ofa, kiasi kamili cha kumaliza kila moja, na riba iliyokwisha kulimbikizwa hadi siku hiyo. Kisha picha ya taarifa ya mwezi iwe kwenye simu za wote wawili.

Wako katika kazi,
Mhudumu wa meza ya malipo,
Dallas, Texas